Kipunji na apalisi wa Taita: ngazi ya uainishaji na ngazi ya hatari

Kwa majuma kadhaa sasa nimekuwa na karatasi mbili mezani pangu, kila moja ikiwa na safu mbili nilizozichora kwa mkono: kushoto nafasi ya mnyama katika uainishaji wa viumbe, kulia hali yake ya uhifadhi. Karatasi ya kwanza ni ya kipunji, kima wa misitu ya milima ya kusini mwa Tanzania. Ya pili ni ya apalisi wa Taita, ndege mwimbaji mdogo ambaye hapatikani popote duniani isipokuwa katika vilima vya Taita nchini Kenya. Nilidhani kazi ingekuwa fupi, yaani kujaza safu zote mbili kisha kuzilinganisha, lakini kila nilipojaza safu ya kushoto niliikuta imeigusa ya kulia. Nimeishia kuamini kwamba jina analopewa mnyama ndilo linaloamua kama ataonekana katika hesabu ya walio hatarini, ilhali uzito wa jina hilo haulingani hata kidogo na ukubwa wa hatari inayomkabili.

Nianze na yale wanayoshirikiana, ambayo ni machache. Wote wawili wamo katika himaya ya wanyama na katika faila ya Chordata, wanyama wenye ugwe wa neva mgongoni, na wote wana uti wa mgongo. Wanaachana kwenye ngeli, ngazi iliyo chini ya faila: kipunji ni mamalia, apalisi ni ndege. Ukoo uliozaa mamalia na ukoo uliozaa mijusi, mamba na ndege ulitengana takriban miaka milioni 320 iliyopita, kwa hiyo umbali wa kinasaba kati ya wawili hawa ni mkubwa mno. Chini ya ngeli kuna oda: kipunji yumo katika oda ya Primates, yenye spishi zaidi ya 500, sisi binadamu tukiwa miongoni mwao. Apalisi yumo katika oda ya Passeriformes, ndege walio kama shomoro, ambayo peke yake ina spishi zaidi ya 6,000 kati ya takriban 11,000 za ndege wote. Tofauti hiyo ya idadi inafaa kukumbukwa, kwa sababu itarejea mbele tutakapozungumzia sheria.

Kipunji ana historia fupi sana katika vitabu vya sayansi na ndefu sana katika midomo ya watu. Wawindaji wa Kinyakyusa waliokuwa wakipanda mlima Rungwe walimtaja kwa jina hilo hilo muda mrefu kabla mtafiti yeyote hajamwandika, lakini waliposimulia habari zake, mnyama mwenye haya anayejificha juu ya miti mirefu, wageni hawakuwa na hakika kama ni mnyama halisi au ni wa hadithi. Mwaka 2003 watafiti waliokuwa wakiongozwa na Tim Davenport walimwona katika misitu ya Rungwe na Livingstone. Mwaka uliofuata kundi jingine, akiwamo Trevor Jones, lilimwona katika msitu wa Ndundulu, kwenye milima ya Udzungwa, takriban kilomita 350 kutoka Rungwe. Makundi hayo mawili yalikuwa yakifanya kazi bila kujuana. Yalipopata habari za wenzao yaliungana kuandika, na mwaka 2005 jarida la Science likachapisha maelezo ya spishi mpya kwa jina la Lophocebus kipunji.

Hapo ndipo safu yangu ya kushoto ilipoanza kufutwafutwa. Jina la Lophocebus, ambalo ni la jenasi, yaani kundi la spishi zilizo karibu kinasaba, lilimweka pamoja na mangabei wenye kishungi, kima wa misitu ya Afrika, na kwa kumtazama tu mtu asingepinga: ana mwili mwembamba, uso mweusi, manyoya marefu ya rangi ya udongo, nywele za mashavuni zilizotokeza pembeni, na kishungi kipana kilichosimama wima kichwani kama ufagio. Lakini sauti haikukubaliana na umbo. Mangabei wa jenasi hiyo wana mlio wa mbali unaojulikana sana, unaoanza kwa mwito na kumalizikia kwa mgugumio wa haraka. Kipunji hana mlio huo. Nimesikiliza rekodi yake mara nyingi nikiwa nimefumba macho: ni sauti nzito, ya chini, inayotoka kwa kishindo, nusu honi na nusu kubweka, na anayeisikia mara moja hawezi kuichanganya na ya kima mwingine. Kwa mtu anayependa ndege, kuona sauti ikisimama kama ushahidi katika uainishaji wa kima ni jambo la kufurahisha sana, maana sisi tumezoea kutambua spishi kwa masikio kabla ya macho.

Maelezo ya mwaka 2005 yalitegemea picha, kwa kuwa hakukuwa na mzoga wala ngozi ya kuhifadhi. Baadaye mwaka huo huo kipunji dume ambaye alikuwa bado hajakomaa alikufa katika mtego wa mkulima kwenye shamba karibu na Rungwe. Mtego haukuwekwa kwa ajili yake, bali kwa ajili ya wanyama waharibifu wa mazao. Mwili ule mmoja ndio uliowapa wataalamu fuvu la kupima na nyama ya kuchunguza vinasaba. Fuvu lilifanana na la mangabei, lakini vinasaba vilimweka karibu zaidi na nyani, jenasi ya Papio. Mambo hayo mawili hayakuweza kukaa pamoja ndani ya Lophocebus, kwa hiyo mwaka 2006 akaundiwa jenasi yake mwenyewe, Rungwecebus, yaani kima wa Rungwe. Jenasi mpya ya kima wa Afrika aliye hai haikuwa imetangazwa kwa miaka 83.

Familia yake, Cercopithecidae, ndiyo familia ya nyani, tumbili na mbega. Ndani yake kipunji yumo katika kabila, yaani kundi dogo ndani ya familia, la Papionini, pamoja na nyani, gelada na mangabei. Niongeze hapa, kwa kuwa jambo hili huwachanganya wengi, kwamba mangabei wenyewe si ukoo mmoja: wale wa Lophocebus wako karibu na nyani, na wale wa Cercocebus wako karibu na mandrili. Neno mangabei linaeleza sura, halielezi nasaba. Kipunji aliingia katika mkanganyiko huo akauongeza, kwa sababu uchunguzi uliofuata ulionyesha kwamba kipunji wa Rungwe na Livingstone wanabeba sehemu ya vinasaba, ile inayorithiwa kwa mama peke yake, inayotoka kwa nyani wa manjano. Maelezo yanayokubalika ni kwamba zamani sana kipunji na nyani walizaliana na alama ya uzazi huo ikabaki katika damu. Kipunji wa Ndundulu hawaonyeshi alama hiyo.

Sasa safu ya kulia. Sensa iliyotangazwa mwaka 2008 ilihesabu kipunji 1,117, kati yao 1,042 wakiwa Rungwe na Livingstone na 75 tu wakiwa Ndundulu. Eneo lote walimoishi halikufika kilomita 20 za mraba. Mwaka huo huo Umoja wa Kimataifa wa Uhifadhi wa Asili, IUCN, ulimwingiza katika Orodha Nyekundu katika daraja la walio hatarini mno, ambalo ndilo la mwisho kabla ya kutoweka porini. Baadaye tathmini nyingine ilimtoa hapo na kumweka katika daraja la walio hatarini. Habari hii nimeipokea kwa furaha, na pia kwa tahadhari, kwani kushuka ngazi moja katika orodha hakumaanishi kwamba msitu umepanuka. Rungwe na Livingstone zinaunganishwa na ukanda mwembamba wa Bujingijila, na ukanda huo ukikatika kabisa wanyama wa pande mbili hawataweza kuvukiana.

Apalisi wa Taita ni habari ya aina nyingine. Hakuna jenasi mpya wala kichwa cha habari kilichozunguka dunia. Nilimwona kwa mara ya kwanza ukingoni mwa msitu wa Ngangao, asubuhi yenye ukungu, baada ya kusimama kimya kwa muda mrefu mpaka miguu ikafa ganzi. Kichaka kilichokuwa mbele yangu, kimo cha kiuno, kilitikisika mahali pamoja, kisha pengine, na ndipo akatokeza: mwili mdogo kama wa chozi, mgongo wa kijivu, koo na kifua vyeusi kama vilivyopakwa masizi, tumbo jeupe, na mkia mrefu mwembamba alioupandisha na kuushusha kila aliporuka. Jicho lake ni hafifu kwa rangi, na katikati ya kichwa cheusi linang'aa kuliko unavyotarajia. Alichomoa mdudu chini ya jani, akajibiwa na mwenzake ambaye sikumwona, akapotea. Nilimtazama kwa muda usiozidi dakika moja.

Ndege huyo alielezwa kisayansi mwaka 1938 na mtaalamu wa ndege Reginald Moreau, ambaye miaka hiyo alikuwa akifanya kazi Amani, katika milima ya Usambara. Jina lake ni Apalis fuscigularis, na sehemu ya pili inasema wazi kile nilichokiona: mwenye koo la giza. Lakini kwa muda mrefu waandishi wengi wa vitabu vya ndege hawakumhesabu kuwa spishi. Walimweka kama nususpishi, yaani aina ndogo ndani ya spishi, ya Apalis thoracica, apalisi mwenye ukanda shingoni ambaye ameenea katika milima mingi ya mashariki na kusini mwa Afrika mpaka Afrika Kusini. Hakuwa peke yake. Ndugu zake wa mlima Namuli huko Msumbiji na wa milima ya Mulanje na Zomba huko Malawi walichukuliwa vivyo hivyo, kila mmoja kama sura ya mahali ya ndege mmoja aliyeenea kote.

Fikiria maana ya hesabu hiyo katika safu ya kulia. Apalis thoracica ni ndege wa kawaida na eneo lake ni pana mno. Anapotathminiwa, hana wasiwasi wowote. Ndege wote wa Taita wangeweza kufa mpaka wa mwisho bila daraja la Apalis thoracica kutikisika, kwa sababu wangekuwa sehemu ndogo sana ya jumla. Watunza orodha walipokubali kwamba ndege wa Taita ni spishi kamili, ndege yule yule, katika vichaka vile vile, akaingia moja kwa moja katika daraja la walio hatarini mno. Kichaka hakikubadilika wala ndege hakupungua hata mmoja siku ile. Kilichobadilika ni mstari mmoja katika safu ya kushoto.

Wapo wanaosikia jambo hili na kusema kwamba basi uainishaji ni siasa ya wahifadhi, kwamba spishi hugawanywa ili zionekane adimu. Sikubaliani nao. Utaratibu unaotumiwa na BirdLife International, shirika linalotathmini ndege kwa niaba ya Orodha Nyekundu, unadai alama: tofauti ndogo ya rangi, umbo au sauti hupewa 1, ya wastani 2, kubwa 3, na ya kipekee kabisa 4, na ndege hukubaliwa kuwa spishi akifikisha jumla ya 7. Mtu anaweza kubishana na kipimo hicho, na wengi hubishana nacho, lakini ni kipimo kinachotazama ndege wenyewe, hakitazami kama ni wachache au wengi. Kukataa kugawanya pale ambapo tofauti zipo ni uamuzi pia, na una waathirika wake.

Familia ya apalisi nayo imehama. Zamani alihesabiwa katika familia kubwa ya Sylviidae, iliyokuwa kapu la karibu kila ndege mdogo mla wadudu wa Afrika, Asia na Ulaya mwenye mdomo mwembamba. Vinasaba vilipoanza kusomwa kapu hilo likapasuka, na apalisi pamoja na jamaa zake wakapewa familia yao, Cisticolidae. Ni mabadiliko makubwa zaidi, kwa ngazi, kuliko yale ya kuwa spishi kutoka nususpishi, na katika safu ya kulia hayakubadilisha chochote. Orodha Nyekundu hutazama hasa spishi. Mnyama akihamishwa familia hata mara kumi, daraja lake la hatari litabaki pale pale.

Vigezo vya orodha hiyo ni vya namba, na ni vile vile kwa kima na kwa ndege. Ili kuingia daraja la walio hatarini mno kwa sababu ya eneo, eneo la uenezi linapaswa kuwa chini ya kilomita 100 za mraba, au eneo linalokaliwa kweli liwe chini ya kilomita 10 za mraba, tena pawe na dalili nyingine kama kumegeka vipande na kuendelea kupungua. Kwa sababu ya idadi, wanyama waliokomaa wawe chini ya 250 na wakipungua, au chini ya 50 hata kama hawapungui. Daraja la walio hatarini lina mipaka mipana zaidi: kilomita 5,000 na 500 za mraba kwa eneo, wanyama waliokomaa 2,500 au 250 kwa idadi. Wanaohesabiwa ni waliokomaa tu, kwa hiyo zile namba za sensa ya kipunji, zinazojumuisha watoto, haziwezi kuwekwa hapo bila kupunguzwa kwanza.

Kwa apalisi mambo yote hukutana mahali pamoja. Vilima vya Taita ndiyo ncha ya kaskazini ya Milima ya Tao la Mashariki, safu ya milima ya Kenya na Tanzania, na msitu wake wa asili umekatwa kwa vizazi vingi mpaka yamebaki mabaka yaliyotawanyika juu ya vilele: Mbololo wenye hekta 200 hivi, Ngangao wenye hekta 120 hivi, na mengine kama Chawia, Fururu, Vuria, Yale na Msidunyi ambayo baadhi yake ni madogo sana. Pengine ulipokuwapo msitu pamepandwa misonobari na mikaratusi, na kwa mbali mlima huonekana wa kijani kibichi, lakini chini ya miti hiyo hakuna kichaka, na apalisi ni ndege wa kichaka. Makadirio ya mwaka 2001 yalitaja ndege kati ya 300 na 650. Uchunguzi uliofanywa mwaka 2009 na 2010 ulionyesha kwamba katika muda huo mfupi walikuwa wamepungua kwa zaidi ya theluthi moja. Hao ni ndege wote wa spishi hii duniani.

Nikiziweka karatasi zangu mbili kando kwa kando, naona kwamba aliye mpweke zaidi katika uainishaji ndiye mwenye nafuu katika uhifadhi. Kipunji ndiye spishi pekee ya jenasi yake. Akitoweka, jenasi nzima inakwenda naye. Apalisi ana jamaa zaidi ya 20 katika jenasi ya Apalis, na mmoja wao anafanana naye kiasi cha kudhaniwa kuwa yeye. Hata hivyo apalisi ndiye aliye karibu zaidi na mwisho. Naelewa kwa nini kipunji alipata watafiti, ulinzi na umaarufu upesi hivyo, na simwonei kijicho, lakini sioni haki mtu akisema, kama nilivyowahi kuambiwa, kwamba kupotea kwa apalisi mmoja wa Taita si hasara kwa kuwa wapo apalisi wengine.

Sheria ya kimataifa inaongeza pengo hilo kwa njia ambayo watu wachache huitambua. Mkataba wa CITES, uliotiwa saini Washington mwaka 1973 na kuanza kutumika mwaka 1975, unadhibiti biashara ya kimataifa ya wanyama na mimea walio hatarini. Ndani yake oda ya Primates imeorodheshwa yote kwa pamoja: kila spishi ambayo haimo katika Kiambatisho cha Kwanza imo katika cha Pili. Hii ina maana kwamba kipunji alikuwa tayari chini ya mkataba huo kabla hajapewa jina la kisayansi, kabla hata hajaonwa na mtafiti, kwa sababu tu ya oda aliyomo. Passeriformes hawakuorodheshwa hivyo. Spishi 6,000 ni nyingi mno, na ndege mwimbaji huingia mkatabani mmoja mmoja au kwa makundi madogo, pale biashara yake inapothibitika. Apalisi wa Taita hayumo. Kusema kweli, hatari yake si biashara, kwani hakuna anayemtega ili amuuze ng'ambo. Hatari yake ni kuni, mifugo inayokanyaga chipukizi, na ukataji unaoacha msitu bila sakafu. Mkataba usingemsaidia sana. Lakini mtu anayehukumu uzito wa mnyama kwa kutazama kama amo CITES atampita apalisi bila kumwona.

Jambo ambalo limenizuia kufunga karatasi hizi ni wale kipunji 75 wa Ndundulu. Wakihesabiwa pamoja na wenzao wa Rungwe, wao ni sehemu ndogo ya spishi inayopata nafuu kidogo kidogo. Wakitazamwa peke yao, baada ya kuwatoa watoto, namba yao inakaribia ule mpaka wa wanyama 50 waliokomaa. Wako kilomita 350 kutoka kwa jamaa zao, hawana njia ya kuwafikia, na wanabeba ukoo wa kinasaba usio na ile alama ya nyani wa manjano. Leo wanaishi ndani ya jina la Rungwecebus kipunji kama apalisi wa Taita alivyoishi ndani ya jina la Apalis thoracica: wamefichwa na jumla. Sisemi kwamba ni spishi nyingine, maana ushahidi uliopo hautoshi kusema hivyo na mimi si mtaalamu wa mafuvu. Ila katika karatasi ya kipunji nimepiga mstari katikati ya safu ya kulia, nikaandika Rungwe na Livingstone juu yake, Ndundulu chini yake, na kila upande nimeuwekea daraja lake kwa penseli.